Matanga ya Kisima

Mama mkwe wangu hapendi kusifiwa. Ukimwambia chakula chake kitamu, anakuuliza una shida gani. Kwa hiyo naandika haya nikijua kwamba akisomewa atanuna, na mimi nitamwacha anune, kwa sababu nimeishi naye ua mmoja tangu nilipoolewa na sijaona mwanamke wa aina yake huku Handeni wala kule kwetu Korogwe nilikozaliwa.

Nianze na kisima. Nyuma ya nyumba zetu kuna kilima, na chini ya kilima maji yanatoka mwambani, machache lakini hayakatiki, na hayana chumvi. Mtu wa Handeni hana haja ya kuelezwa zaidi ya hapo. Kiangazi kikikaza na mabomba yakianza kutoa upepo, watu wa vitongoji vingine hushuka bwawani kugombea tope na ng'ombe, wakati sisi tunapanga ndoo pale mwambani na kupiga soga. Mtunzaji wa kisima ni mama mkwe, ingawa hakuna aliyemteua. Anafagia majani, anawafokea wanaofua karibu, na kila masika yakikaribia anatukusanya wanawake tuzibue mfereji. Magoti yake yamechoka, lakini kutoka mlangoni kwake anaweza kwenda kisimani na fimbo na kurudi na kidumu kidogo. Kidumu hicho ndicho kinachomweka nyumbani kwake. Watoto wake walioko Dar es Salaam hawaachi kumwandalia chumba, naye jibu lake halibadiliki.

"Siku nikishindwa kujitekea maji nitakuja. Kabla ya hapo msinisumbue."

Kisha wakaja wageni. Kampuni moja ilitaka kuvunja mawe kwenye kilima chetu ipate kokoto za barabara, na kabla ya kupewa kibali ilibidi wataalamu watathmini athari kwa mazingira na kuwauliza wakazi. Mtendaji wa kijiji alizunguka na bodaboda yenye kipaza sauti akitangaza mkutano. Sisi wanawake tukaambiwa tupike.

Hapa lazima nieleze adabu ya wakwe zangu, kwa sababu ni adabu inayoweza kuua mtu. Mgeni akifika na haja yake katika kijiji chetu, siku ya kwanza hapingwi. Anakaribishwa, analishwa, anasikilizwa mpaka amalize, anashukuriwa. Jibu, hasa likiwa la kukataa, linangoja siku nyingine, watu wakishalala na neno lake. Hata posa zinakwenda hivyo. Mimi nilikulia kambi ya mkonge ya Ngombezi, ambako babu zetu walitoka kila pembe ya nchi kuja kukata mkonge, na kila mtu anasema analotaka kabla hujamaliza kuuliza. Miaka yangu ya mwanzo huku nilidhani Wazigua wote hawasikii vizuri.

Mkutano ulifanyika mbele ya ofisi ya kijiji, chini ya turubai. Mshauri aliyeongoza wataalamu alikuwa mama wa makamo aliyevaa buti, mwenye sauti ya upole. Alieleza vizuri, sitamnyima haki yake. Alieleza vumbi, kelele, baruti, ajira, kisha akauliza kama kuna mwenye maoni au pingamizi. Kimya. Akauliza tena. Mzee mmoja akasimama, akawapa wageni pole ya safari, akawashukuru kwa kutukumbuka. Tukapiga makofi. Wakala pilau, wakaondoka. Mimi nilikuwa nyuma na mwiko mkononi, nimeubana mdomo mpaka meno yanauma, kwa sababu mke wa mtu hasimami kusema mbele ya wazee wa mumewe.

Na kijiji kizima kikakaa kusubiri siku ya jibu. Wageni hawakurudi. Walikuwa wameuliza, wamesikia kimya, wamekwenda zao.

Siku moja mtendaji akapita uani kwetu akiwa na haraka, akatuambia kwamba wataalamu wameandika kuwa wakazi hawana pingamizi. Umebaki mkutano mmoja wa kuwasilisha matokeo, na wakubwa wa kampuni watakuwepo.

"Nani kasema hatuna?" mama mkwe akauliza.

"Hakuna aliyesema mnalo, bibi."

Jioni ile nilimkuta chumbani kwake anakunja kanga na kuzipanga kwenye sanduku. Nikamuuliza kulikoni. Akasema anazianika. Sijawahi kuona nguo zinazoanikwa ndani ya sanduku lililofungwa. Nikaenda jikoni nikalia kwa hasira. Niliwakasirikia wageni, nikamkasirikia mtendaji, na zaidi niliikasirikia ile adabu.

Asubuhi nikamwambia kwamba kwenye mkutano wa pili aseme. Akanitazama kama mtoto aliyeomba uji wakati wa msiba.

"Watakuja na wakubwa ambao hatujapata kuwaona. Hao nao ni wageni wa siku ya kwanza. Nitawafukuzaje?" Akaendelea kupepeta mchele. Baadaye kidogo akauliza, "Baba yako hajambo?"

Baba yangu alikuwa Mnyamwezi. Babu yangu alikuja kukata mkonge, na kizazi chake kikabaki Ngombezi. Wanyamwezi na Wazigua ni watani tangu enzi za wapagazi waliopita nchi hii na mizigo vichwani, na mtani ana ruhusa ambayo hakuna mwingine aliye nayo. Anakutukana hadharani na wewe unacheka. Kwenye msiba ndiye anayeigiza marehemu alivyokuwa akitembea, na akitaka analala kaburini na kukataa kutoka mpaka wafiwa wamjibu. Mama mkwe na baba walitaniana hivyo siku ya kuleta posa. Lakini nilipoolewa wakawa wakwe, utani ukafa. Kuanzia hapo wakikutana walisalimiana macho chini, wakaulizana habari za mvua. Baba alilalamika kwamba nimemnyang'anya mtumwa wake bora kuliko wote, maana ndivyo watani wanavyoitana.

Mama mkwe akaomba simu yangu, akampigia.

"Leo sikupigii kama mkwe," alisema. "Nakupigia kama mtani. Nina msiba."

Baba akashtuka. "Nani?"

"Kisima."

Alipomaliza kuelezwa baba alicheka mpaka akakohoa. Akasema atakuja kuwazika wote.

Siku ya mkutano wakubwa walikaa mbele kwenye viti vya plastiki. Ramani kubwa ya kilima ilitandikwa juu ya mkeka ili kila mtu aione. Yule mama wa buti alikuwa anaeleza ndipo bodaboda ikaingia na baba akashuka, koti lake la kanisani juu, kanga ya kike kiunoni, mikono kichwani, analia kwa sauti ya kukodiwa.

"Uwiii! Uwiii! Mbona hamkuniambia? Mnafiwa kimya kimya kama wachawi?"

Mtendaji akainuka kumtoa. Mwenyekiti wa kitongoji akamvuta shati. "Mwache. Ni mtani."

Baba akapita katikati ya wakubwa, akajilaza chali kwenye mkeka, ubavuni mwa ramani.

"Marehemu aliumwa nini?" Akainua kichwa akawatazama. "Aa, nauliza! Wazigua gani hawa, wamekula pilau ya matanga hata aliyekufa hawamjui? Mfiwa nani? Mfiwa aseme, la sivyo nalala hapa mpaka mchwa wanimalize."

Mwanamke mmoja nyuma akapasua kicheko, na kicheko kikasambaa. Mama mkwe akasimama na fimbo yake. Hakuwatazama wageni hata mara moja. Alimtazama mtani wake tu.

"Toka hapo, mtumwa wangu. Unachafua mkeka wa watu."

"Sitoki. Aliumwa nini?"

"Hajafa."

"Hajafa? Na hawa waliokuja kuzika?"

"Hawajui kama yu hai. Hatujawaambia."

"Basi niambie mimi, maana mimi si mgeni, mimi ni bwana wako."

Watu wakacheka tena, na ndani ya kicheko hicho mama mkwe akamwambia baba yangu kila kitu. Alimwambia tunavyoteka kiangazi, tunavyozibua mfereji, wanaokuja kuomba maji kutoka mbali. Alimwambia kwamba mwamba ukitikiswa kwa baruti, hakuna anayejua maji yatakwenda wapi. Kisha sauti yake ikashuka.

"Na mimi maji haya yakiondoka, nitapelekwa Dar es Salaam nikae chumbani nikitazama ukuta wa jirani. Sitaki. Nimeolewa hapa, nimemzika mume wangu hapa. Sitaki, mtani wangu."

Sikuwahi kumsikia akitamka neno hilo la sitaki mbele ya watu. Alipoketi, mwingine akasimama, kisha mwingine, wote wakimwelekea mzee aliyelala mkekani na kumweleza yeye. Hakuna aliyempinga mgeni yeyote. Walikuwa wanamjibu mtani, na wageni wana masikio. Nilitamani kupiga vigelegele. Nilikuwa nimeidharau adabu ile miaka yote, na sasa naona wenyewe wanajua mlango wa nyuma uko wapi.

Lakini heshima nyingine ni ya yule mama wa buti. Mwingine angeita polisi, au angecheka na kuendelea na maelezo yake. Yeye alitulia akasikiliza, kisha akavua buti, akaja kukaa pembeni ya mkeka, karibu na kichwa cha baba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Na wewe umefiwa?"

"Bado sijajua. Naomba uniulizie wale akina mama wa kule nyuma, wao walipata kukiona kisima kikikauka?"

Baba akauliza kwa matusi, wakajibu kwa matusi, naye akaandika. Wakaendelea hivyo mpaka jua likageuka, swali moja baada ya jingine, baba akilalamikia mgongo. Wakubwa wa kampuni nao wakaanza kucheka, mmoja akampa baba koti lake aliweke chini ya kichwa. Mwisho mwenyekiti akamuuliza yule mama uamuzi wake ni upi.

"Sitajibu leo," akasema. "Nilikosea kuja na kuondoka siku moja. Nitarudi."

Wazee wakatazamana. Nilisikia mmoja akimnong'oneza mwenzake kwamba huyu amelelewa.

Na kweli alirudi, zaidi ya mara moja. Alishinda kisimani na vyombo vyake vya kupimia maji, mama mkwe akimfokea asikanyage mfereji. Tathmini ilipokamilika alikuja kutuambia mwenyewe: kilima chetu hakitaguswa, mawe yatavunjwa kwenye kilima kingine mbali na maji. Siyo kwamba tunaishi peponi. Malori yanapita, vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria, na mimi naosha vyombo mara mbili nikilaani. Ila zile kanga zilitoka sandukuni zikarudi kambani, na kidumu bado kinakwenda na kurudi.

Kesho yake baada ya ule mkutano baba alikuja kuaga. Yeye na mama mkwe wakasalimiana macho chini, wakaulizana habari za mvua. Ungedhani waliotukanana jana yake walikuwa watu wengine.

Baba hakukaa sana baada ya hapo. Kile kikohozi chake hakikuwa cha kucheka peke yake. Tulimzika Ngombezi, kwenye makaburi ya kambi, mkonge ukianzia pale makaburi yanapoishia. Mama yangu alikwishatangulia, na mimi ndiye mtoto pekee, kwa hiyo watu wote walikuwa wananitazama mimi. Mama mkwe alikuja na gari la asubuhi. Alikaa na akina mama wengine, mtandio kichwani, kimya, kama inavyompasa mkwe. Mchungaji akamaliza sala. Vijana wakashika kamba wateremshe jeneza.

Ndipo nikaona fimbo inapita katikati ya watu. Mama mkwe akafika kwenye lundo la udongo kando ya kaburi, akaketi juu yake, taratibu, goti moja kisha jingine.

"Huyu hazikwi," akasema.

Vijana wakasimama na kamba mikononi. Watoto wa mkonge waliokuwepo walielewa mara moja, nikasikia mtu anaguna.

"Mtumwa wangu huyu. Nani kawaruhusu kuchimba hapa? Mliitisha mkutano? Wadau mlituuliza?" Sauti yake ilikuwa ya ugomvi, machozi yanamtiririka. "Hapa hapafukiwi mpaka mfiwa aseme. Mfiwa nani? Aseme kama ana pingamizi."

Watu walicheka na kulia kwa pamoja. Wote wakanigeukia. Tangu nilipoolewa nilikuwa sijapata kumjibu mama yule neno la kupinga, na tangu baba alipokata roho nilikuwa sijasema lolote zaidi ya asante na karibuni na Mungu ndiye mpangaji.

"Ninalo, mama," nikasema. "Sitaki azikwe. Simtaki baba yangu humo."

Mama mkwe akatikisa kichwa kukubali, kama alivyofanya yule mama wa buti kila alipoandika.

"Tumekusikia," akasema. Kisha akaninyooshea mkono nimwinue, maana magoti yalikuwa yamegoma, tukasogea pembeni mimi na yeye, wakaanza kumshusha.