Sanduku la Langoni

Wiki ambayo kampuni ya ng'ambo ilikuja kuhakikisha kwamba sisi si watumwa, hakuna aliyeruhusiwa kutoka.

Sitii chumvi. Nilikuwa nashona sare za mahoteli katika kiwanda kimoja cha Kawempe, Kampala, wanawake tupu, wengi wetu tumekimbia vita vya Kongo. Kampuni iliyonunua sare zetu ilikuwa imeapa kwamba hainunui nguo iliyoshonwa na mtu aliyelazimishwa. Kwa hiyo bosi wetu, mama mmoja mwenye sauti ya kwaya, akatufanyisha mazoezi. Asubuhi tunasimama kando ya cherehani, anauliza: "Mnafanya kazi kwa hiari?" Sisi: "Kwa hiari yetu, madamu!" Aliyejibu kwa uvivu alirudishwa mpaka hiari yake isikike barabarani.

Tatizo langu lilikuwa mama yangu. Alikuwa amevuka mpaka, baada ya miaka mingi ya kutoonana, na siku hiyohiyo ya kuja mgeni, mkaguzi wa kampuni ile, alikuwa ameketi kwenye benchi la ofisi ya wakimbizi, mjini, akinisubiri. Walinipigia simu: nilete kadi yangu halisi ya ukimbizi kabla ya saa kumi, ili aandikwe katika familia yangu. Nisipofika, anapandishwa basi kwenda kambini, mbali huko, na kumtoa ni shughuli nyingine.

Na kadi yangu ilikuwa wapi? Langoni, kando ya meza ya askari, kwenye sanduku la bati kama lile la wanafunzi wa bweni, limetobolewa juu kama sanduku la sadaka. Siku ya kwanza kazini unatumbukiza kitambulisho chako humo, eti kisipotee. Kweli hakikupotea. Kilikaa humo, na ufunguo ukakaa kwenye mkoba wa bosi.

Asubuhi nilimpigia magoti. "Madamu, mama yangu anapelekwa kambini."

Akanishika bega kwa upole. "Nyabo, dada yangu, leo? Mgeni akikuta cherehani haina mtu, si atasema tunawanyanyasa?"

Nikarudi kwenye cherehani yangu kwa hasira.

Mgeni akafika, Mzungu mmoja mpole, jasho tele. Askari wetu wa lango, mzee wa kaskazini aliyestaafu jeshi, akamsimamisha. Sheria ya bosi ilisema kila anayeingia anaacha kitambulisho, na afande hakuwa mtu wa kuuliza sheria inamhusu nani. Mgeni akatoa pasipoti huku akitabasamu. Afande akaitumbukiza sandukuni.

Ukaguzi ulikwenda vizuri ajabu. Tuliulizwa, tukaimba hiari yetu. Mimi ndiye niliyetafsiri, kwa Kiingereza changu cha kuokota, jicho kwenye saa ya ukutani. Saa nane mgeni akaridhika, akaenda langoni kuomba pasipoti yake. Ndege yake ilikuwa jioni.

Bosi akaubana mkoba wake kwapani. Kufungua sanduku ni kumwonyesha kadi zetu zote. Akasema ufunguo umepotea. Akamkaribisha chai ndani. Mgeni akakataa chai. Akamkaribisha matoke. Mgeni akakataa matoke, akaketi juu ya sanduku na kusema haondoki bila pasipoti yake. Uso ukawa mwekundu. Akalipiga bati ngumi: hakuna mtu duniani mwenye haki ya kukaa na karatasi za mtu mwingine! Wenzangu wakaacha cherehani wakaja kutazama, maana hakuna aliyewahi kuyasema hayo pale kwa sauti.

"Mwulize huyu askari," akaniambia, "kwa nini ananifanyia hivi."

Nikamwuliza. Afande akashangaa kwelikweli. "Kwani yeye ni nani? Watu yote hapa, kitambulisho yao iko humu ndani. Hawa wamama yote. Mbona wao hawapigi kelele?"

Bosi akanitikisia kichwa, kidogo tu, na nikaelewa: nikitafsiri, kazi sina. Kazi hiyo ndiyo ilikuwa chumba changu na sahani yangu. Nikamfikiria mama kwenye lile benchi. Nikatafsiri neno kwa neno, mpaka lile la kelele.

Mgeni akainuka taratibu, akalitazama sanduku alilokuwa amelikalia. Ufunguo, muujiza wa Mungu, ukapatikana mlemle mkobani. Kifuniko kikafunguliwa. Pasipoti yake ilikuwa juu; chini yake picha zetu, zimelala kama dagaa sokoni. Akaichukua yake, akaibana kifuani. Akatutazama, akatazama saa. Akasema jambo hili ni zito sana, na ataandika pendekezo.

Pendekezo! Mama yangu anapandishwa basi, yeye anaandika pendekezo! Bosi alikwishaanza kushusha kifuniko. Nikaingiza mkono. Kikanibana, nikapiga yowe, lakini sikuutoa mpaka nikaishika kadi yangu. Nyuma yangu wenzangu wakamiminika, bosi akilia, "Mmoja mmoja! Mstari, jamani, mstari!" Afande akasimama wima akiuliza hii ni amri ya nani.

Kazi ikaishia hapo. Nikarukia bodaboda.

Ilikuwa saa kumi kasoro kidogo nilipomwona mama kupitia vyuma vya lango la ofisi. Amekuwa mdogo, kifurushi mapajani. Askari wa pale akaninyooshea mkono: "Kitambulisho. Unaacha hapa, unachukua ukitoka."

Nilicheka mpaka akaogopa. Nikampa simu, akasema haitoshi. Nikampa mkoba, nikavua viatu nikampa, na kilemba juu yake. Kadi nikaing'ata kwa meno. Akanipisha, nadhani kwa kuchoka.

Nikaingia peku, mkono umevimba, kadi mdomoni. Mama akainuka. Miaka yote ile nilijua kwamba neno lake la kwanza litakuwa jina langu. Akanitazama kuanzia chini.

"Mwanangu," akasema, "miaka yote hii Kampala, na hata viatu hujapata?"

Sikuweza kumjibu. Ningefungua mdomo, kadi ingeanguka.