Maziwa Yaliyolala

Watiri wa Kutus hamwamini mtu. Ana miaka hamsini na mitatu, anauza mchele sokoni, na hata kilo aliyopimiwa na dadake wa tumbo moja ataipima tena mbele yake. Mshike mkono umwambie kuna kitu cha bure, atakuuliza, "Na wewe unapata nini?"

Kwa hivyo wauguzi walipopiga hema kando ya kanisa siku ya soko, wakatangaza kupima akina mama matiti bila malipo, alisonya. Bure! Lakini akaenda. Tangu Krismasi alikuwa na kitu kigumu kama punje ya hindi kwenye titi la kushoto, na hakuwa amemwambia binadamu yeyote. Alijipa moyo kwamba ni maziwa yaliyolala, ya kitinda mimba wake Mwai, aliyemwachisha kunyonya ghafla yeye mwenyewe alipopata kazi ya kuchuma chai Kangema. Huyo Mwai sasa ana ndevu.

Muuguzi alikuwa Salwa, binti wa Nyeri mjini. Akafungua fomu. "Mama, uko na watoto wangapi?"

Watiri akamkata jicho. Kwao watoto hawahesabiwi kwa mdomo, maana ukihesabu unaita kifo. "Wananitosha."

"Uliwanyonyesha muda gani?"

Hapo majivuno yakamshinda. "Miaka miwili miwili, isipokuwa wa mwisho! Na redio ilisema mama aliyenyonyesha hapati kansa ya matiti, wala sukari, wala presha. Sasa unanitafutia nini?"

"Mama, hiyo umesikia nusu. Kunyonyesha kunapunguza hatari hata ukifika umri huu. Kunapunguza tu, hakuizuii kabisa. Naweza kukushika nione?"

Ahaa, ndio hiyo! Wanatafuta titi la kukata. Watiri akachukua kibeti chake, akasimama. "Na wewe wanakulipa ngapi kwa kila mama?"

"Mshahara wangu ni ule ule, nikupime nisikupime."

Watiri akamtazama kwa muda, akitafuta uongo usoni mwake. Hakuuona, na jambo hilo likamuudhi zaidi. Akauliza kwa sauti ya chini, "Ati maziwa inaweza kulala ndani miaka ishirini?"

Salwa hakucheka. "Hapana, mama. Haiwezi."

Watiri akaketi. Vidole vya Salwa vilizunguka taratibu, vikasimama, vikarudi palepale.

"Sijui ni nini, na mara nyingi huwa si kansa," Salwa akasema. "Lakini kesho nenda hospitali Nyeri watoe sampuli kwa sindano. Usikae nayo tena."

Nje ya hema Watiri alimpigia simu bintiye Njoki. "Kesho unipeleke Nyeri. Niko na uvimbe kwa titi, tangu Krismasi."

"Krismasi? Mum! Mbona hukusema?"

Alikuwa na jibu tayari, ati hawa watu ni matapeli, ati kazi yao ni kukata watu. Akaliacha.

"Nilikuwa naogopa," akasema.