Ndoana Ambazo Mpwa Wangu Hakuziona

Mpwa wangu ana kazi ambayo ukimweleza mtu barabarani atadhani unamtania. Anapanda meli ya watu ili atazame. Havui, hapiki, hashiki usukani. Anatazama tu. Wanatupa mshipi mrefu ajabu, una ndoana mamia kwa mamia, halafu mashine inauvuta kutoka majini siku nzima. Yeye kasimama pembeni na ubao wake wa kuandikia, anaandika kila kinachopanda: jodari, nduaro, papa, kasa aliyejinasia kwa bahati mbaya. Wanaorudishwa majini anawaandika pia, waliorudi wazima na waliorudi maiti. Ofisini anaitwa mwangalizi wa uvuvi. Mabaharia wanamwita Kamera.

Jicho hilo kalitoa kwangu, niseme mapema pasiwe na ugomvi. Upande wa baba yake hakuna mtu wa kuona. Marehemu shemeji yangu alikuwa akitafuta miwani huku kaivaa.

Mimi na shule tulishindwana mapema, lakini aliponieleza faida ya kazi yake nilielewa kabla hajamaliza. Jodari hana kwao. Leo yuko kwenye maji ya nchi hii, ukigeuka keshavuka ya nchi tatu nyingine. Kila nchi inasema ni wake, na hakuna anayejua wamebaki wangapi, maana huwezi kuwapanga foleni. Unachoweza kujua ni hiki: kwa kila ndoana elfu moja zilizotupwa, wamepanda wangapi? Wakianza kupungua mwaka hadi mwaka, kwa ndoana zile zile, ujue kuna jambo. Sasa ukiiachia meli ijihesabie, itakuhesabia walioko kwenye chumba cha baridi. Waliotupwa nani atawasemea? Ndiyo maana anapandishwa mtu wa nje.

Na wa nje anabaki nje. Kanuni zao hazimruhusu kupokea zawadi, wala kuwasaidia wavuvi kazi, wala kurudi kwenye meli ile ile safari inayofuata, asije akazoeana na watu akaanza kuwaonea haya. Kwenye safari ninayoisimulia, mabaharia walikuwa watu wa lugha za mbali. Akiingia chumba cha kulia, maongezi yanakatika. Wanamsogezea chumvi kwa adabu, kama unavyomsogezea askari kiti huku unaomba asikae. Alikuwa anakula kautazama ukuta. Baadaye anakwenda chumbani kwake, chumba ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, anafunga mlango na kutaja kwa sauti majina ya watu wa nyumbani, mmoja mmoja, ili asikie lugha yake ikisemwa. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kutajwa. Yeye anasema nilikuwa wa tano, lakini huyo ni mtoto mwenye aibu.

Mtu mmoja tu aliongea lugha yetu mle ndani, naye ni fundi wa winchi, ile mashine inayovuta mshipi. Pande la mtu, kifua kama kabati. Kwa kuwa mwangalizi lazima asimame pale mshipi unapopandia, na fundi wa winchi lazima asimame pale pale, walijikuta bega kwa bega kutwa nzima.

"Kamera, leo umenipiga picha?"

"Wewe huingii kwenye picha. Nikikupiga kichwa, tumbo linabaki nje."

"Andika basi. Papa mmoja mkubwa, anaendesha winchi!"

Wakaanza kula pamoja. Fundi akasogea kutoka meza ya wenzake, wakamzomea kwa lugha zao, naye akawajibu kwa kijiko. Mpwa wangu anasema chakula kilikuwa kile kile, ila siku hiyo ndipo alipojua kina ladha.

Basi huku nyumbani mama yake, dada yangu, akapatikana na uvimbe tumboni. Siku ya kupasuliwa imefika, kalala kitandani, akagoma. "Siingii huko ndani mpaka nimsikie mwanangu." Daktari anatazama saa, muuguzi anatazama daktari. Nani aliipata ile meli? Mimi hapa. Nilimganda karani wa ofisi yao kwenye simu mpaka akanipa namba ili tu nimuache anywe chai yake.

Simu ya meli iko juu, chumba cha nahodha, na ukiwa kule huioni sitaha ya kuvulia. Wakati huo mshipi ulikuwa unapanda. Baharia akaja kumwita kwa ishara, mkono sikioni.

"Nenda," akasema fundi wa winchi. "Ni mama huyo. Mimi nitakuhesabia."

"Acha tu, kaka, nitaandika kwamba sikuwepo."

"Nenda bwana! Kwani mimi nina macho ya kuazima?"

Akakimbia. Mimi ndiye niliyeshikilia simu kwenye sikio la dada, kwa hiyo nilisikia yote.

"Mama, pole mama."

"Sijapoa bado. Huko unakula na nani?"

Swali la mama hilo. Mtu yuko mlangoni mwa kisu, anauliza habari za sahani.

"Nakula na rafiki yangu, mama. Usiwe na wasiwasi, siko peke yangu."

"Mkirudi umlete nimwone."

"Nitamleta."

Nikaingilia nikamwambia huyo rafiki asije mikono mitupu, dada akacheka, wakamsukuma ndani akiwa bado anacheka. Hiyo nayo mnihesabie.

Mpwa wangu aliporudi kwenye sitaha, fundi alikuwa anamsubiri, uso umechangamka kama mtoto aliyetumwa dukani akarudi na chenji yote.

"Jodari sita. Nduaro mmoja. Papa mmoja tumemkatia kamba, kaenda zake mzima. Na ndoana zilizorudi na chambo nimekuwekea pembeni. Andika."

Aliamini kila samaki. Nilimuuliza mara mbili, akaniambia, "Mjomba, yule hakukosea hata mmoja, najua." Lakini fomu ile ina jina lake chini, na maana ya jina ni kwamba haya kayaona mwenyewe. Akiandika leo alichoambiwa na rafiki mkweli, kesho ataandika alichoambiwa na rafiki tu. Akashukuru, akaandika kwamba kuanzia boya lile hadi boya lile mshipi haukuangaliwa.

Angeweza kunyamaza. Mimi ningenyamaza, tena ningetia na mluzi. Lakini walipokaa kula, fundi akauliza:

"Wale sita wangu umewaweka vizuri?"

"Sijawaandika, kaka."

Kijiko kikasimama. "Kwa nini? Unaniona mwongo?"

"Sikuoni mwongo. Sikukuona kabisa, nilikuwa juu kwenye simu. Siwezi kuandika nisichokiona."

"Nimeacha kazi yangu nusu nusu, mkono mmoja kwenye winchi, nakuhesabia ili uongee na mama yako."

"Najua."

"Halafu umeandika kwamba pale palikuwa hapana mtu."

"Nimeandika kwamba mimi sikuwepo."

"Mimi nilikuwepo," akasema fundi. Akachukua sahani yake, akarudi meza ya wenzake. Siku ile hawakumzomea.

Kuanzia hapo aliitwa Bwana Mwangalizi. Bega kwa bega kutwa nzima, mshipi unapanda, samaki wanapanda, na neno ni "Samahani, Bwana Mwangalizi, nipite." Alijaribu kuomba radhi, fundi akamjibu kwamba hakuna kosa, kazi ni kazi. Ukiambiwa hivyo na mtu mliyekuwa mnataniana, ni heri angekutukana. Akarudi kuutazama ukuta, na yale majina ya nyumbani anasema hakuyataja tena.

Meli ilipofika bandarini alishuka na begi lake bila kuagwa. Dada yangu alikuwa keshapona, anatembea, anagombeza watu. Siku ya pili akapika chakula cha watu wengi, akaweka sahani ya ziada.

"Kamlete rafiki yako. Uliniahidi."

Mpwa wangu akanitazama mimi. Nikavaa viatu.

Meli ilikuwa inapakia chambo, karibu kuondoka. Kwenye lango la bandari tulikatazwa kupita. Yeye si wa meli ile tena, na kwa kanuni zao hatapangiwa tena. Tukasimama upande wa huku, meli upande wa kule, magari ya mizigo yanapita katikati. Fundi wa winchi alikuwepo kwenye sitaha. Karibu naye alisimama mwangalizi mpya, msichana mwenye ubao mkononi, hajui akae wapi. Tukamwona fundi anavuta kreti tupu, analipangusa kwa kiganja, anamwekea.

Mpwa wangu akaita. Honi ya lori ikameza sauti. Akaita tena. Fundi akageuka, akatazama upande wetu, mkono wake ukapanda hadi usawa wa kichwa, ukashuka. Kisha akainamia mashine yake.

Nyumbani dada alikuwa anatungoja mlangoni.

"Mmemwona?"

"Tumemwona, mama. Meli inaondoka, hawezi kuja."

"Kakusalimia?"

"Kampungia mkono!" nikasema. "Mkono wote huu, nimeuona mimi."

Mpwa wangu akaketi, akavuta sahani yake. "Labda alikuwa anafuta jasho, mjomba," akasema. "Tulikuwa mbali."