Watu Kumi na Mmoja wa Malvanu

Leisau Bong alikuwa na miaka hamsini na mmoja alipojiandikisha chuoni kwetu, hapa mji wa bandari wa Luganville, visiwani. Miaka ishirini aliuza laplap sokoni, viazi vikuu vilivyokunwa na kuokwa na tui la nazi ndani ya majani, akasomesha watoto wanne kwa laplap hiyo, na yule wa mwisho alipopata kazi, mama akasema sasa ni zamu yake. Mimi, Rolenas, ndimi ninayekaa kwenye meza ya maktaba, kwa hiyo nilimwona siku ya kwanza, amekishika kipanya cha kompyuta kama mtu aliyeshika kaa bila kujua kama yu hai au amekufa. Baada ya miezi mitatu alikuwa anatafuta makala mtandaoni haraka kuliko vijana.

Ndipo mwalimu Kenneth Vira alipowapa wanafunzi wake kazi: kurasa nne kuhusu janga lolote la visiwa vyetu, kwa kutumia vyanzo vya maktaba ya mtandaoni. Leisau akachagua mlima wa volkano wa Malvanu, kisiwa kidogo alikozaliwa. Mlima ulipolipuka alikuwa na miaka saba. Bibi yake alikufa siku ile, na mdogo wake Harold pia.

Insha ilirudi na alama thelathini na nane. Pale alipoandika kwamba watu kumi na mmoja walikufa palikuwa na mstari mwekundu, na pembeni: "Si kweli. Angalia ensaiklopidia."

Akaja mezani kwangu na karatasi mkononi. "Rolenas, nifungulie hicho kitabu chao nikione kwa macho yangu."

Nikakifungua. Malvanu walikuwa wameipa mistari sita. Wa mwisho ulisema kijiji kilihamishwa mapema na hakuna aliyepoteza maisha.

"Hakuna?" alisema. "Hakuna! Harold nilikuwa nimemshika mkono!"

Akatoka mbio kwenda ofisi ya Kenneth, ng'ambo ya varanda. Nikamfuata. Sitasema uongo, nilitaka kusikia.

"Anti, karibu, keti."

"Sikuja kukaa. Nani kakwambia si kweli?"

"Anti, kile chanzo kimehakikiwa na wataalamu. Nilisema tangu mwanzo, kumbukumbu ya mtu si chanzo."

"Wewe Kenneth, mlima ule ulipolipuka mama yako mwenyewe alikuwa bado anafutwa kamasi. Leo unanifundisha mimi nani alikufa kwetu?"

Kenneth akatazama meza. "Siwezi kukupa alama kwa sababu umenizidi umri. Niletee maandishi."

Nilitamani kumzaba kibao. Lakini hilo la maandishi lilikuwa halali yake, na Leisau alilijua. Tukarudi kwenye kompyuta.

Nikamwonyesha jambo ambalo wanafunzi wetu hawalitazami kamwe: chini kabisa ya makala, kwa herufi ndogo, yapo marejeo. Hapa lilikuwa moja tu, ripoti ya nahodha wa meli iliyokuwa ikipita. Tukaitafuta, tukaipata. Nahodha aliandika kwamba alitazama kwa darubini akiwa mbali, moshi umefunika pwani yote, hakuona mtu, "yaelekea walikwisha kuondoka." Basi. Hiyo "yaelekea" ya mtu aliyeko melini ndiyo iliyogeuka kuwa "hakuna aliyepoteza maisha."

"Hakuteremka hata!" Leisau akapiga meza mpaka watu wakageuka. "Hakukanyaga mchanga!"

Tulitafuta siku tisa. Mtandao unakatika, tunangoja, tunaanza upya. Neno Malvanu halikuleta kitu. Siku ya tisa nikakumbuka kwamba wamisionari wa Kifaransa waliandika majina yetu walivyoyasikia, nikaandika Malwanou. Zikatokea nyaraka za misheni, na ndani yake daftari la mazishi. Nilisoma shule ya Kifaransa, kwa hiyo nikamsomea jina kwa jina. Yalikuwa kumi na moja. La tisa lilikuwa Harold Bong, miaka mitano.

Leisau akaweka kidole juu ya kioo. Kisha akafuta macho kwa mkono wa gauni. "Chapisha. Nakala tatu."

Kenneth aliisoma nakala yake amesimama. "Nisamehe, Anti. Nilipaswa kuuliza kabla ya kukata." Akaandika themanini na nne.

"Sikulilia alama mimi," Leisau akamwambia. "Chukua kalamu. Tunawaandikia hao wenye kitabu, na wewe utatia sahihi."

Akatia, na nakala ya daftari tukaiambatisha. Jibu lilikuja baada ya miezi minne: wanashukuru, watalifikiria. Miezi mitatu baadaye mstari ukabadilishwa. Sasa unasema, "Inasemekana watu kadhaa walifariki."

"Inasemekana na nani?" Leisau alinguruma pale maktabani. "Daftari wanalo! Majina wanayo! Mdogo wangu ndiye kadhaa?"

Akawaandikia tena. Barua hiyo haijajibiwa mpaka leo.

Desemba alipata stashahada yake. Siku za Alhamisi huja kuwaelekeza wanafunzi wapya, na mtu akimwambia ensaiklopidia imesema, yeye humwuliza, "Imeambiwa na nani, na huyo alikuwa amesimama wapi?"

Wiki hii tunaandika barua ya tatu. Kenneth anasema aya ya pili ina makali mno, tuilainishe. Leisau amekataa.