Kibao cha Afande

Nilijifunza kuandika vibao peke yangu, kwa kutazama. Shule iliniishia darasa la saba, na baada ya hapo walimu wangu walikuwa kuta za maduka ya Eastlands. Niliogopa makosa kupita kiasi. Herufi ikiinama kidogo tu, nilifuta ubao mzima kwa mafuta ya taa na kuanza upya, mteja akinitukana. Sijabadilika sana. Hata ukurasa huu nimeuandika mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri.

Miaka ile ya themanini, Soko la nyama la Burma lilikuwa na wenyewe wawili. Vijana wa chama tawala walivaa mashati ya rangi moja, wakashika rungu na kukagua kadi za chama mlangoni. Kiongozi wao, ambaye zamani alikuwa mlinzi wa godauni, aliingia buchari yoyote akatoka na mbavu bila kulipa. Wanajeshi nao walikuja mwisho wa mwezi kula nyama choma, na hawakumwonyesha mtu kadi. Siku moja kijana wa chama alimshika mwanajeshi mkono akidai kadi. Alipigwa kofi moja, akakaa chini kwenye mifupa, na soko zima likacheka.

Kuanzia hapo kiongozi akataka aitwe "afande". Neno hilo lilikuwa la jeshi na la polisi, mtu hajipi mwenyewe. Nadhani ndiyo sababu alilitaka. Kisha akaniagiza nimwandikie kibao cha mlangoni: OFISI YA AFANDE.

Nilikimbilia kwa kaka yangu. Alikuwa koplo jeshini, kifungua mimba wa mama, na nyumbani kwetu Makadara neno lake lilikuwa la mwisho. Nilimkuta akipiga pasi sare yake.

"Usiandike," akasema bila kuinua macho.

"Atanifukuza sokoni."

"Akuguse aone. Afande anatengenezwa kambini, si kwa rangi. Mwambie nimesema mimi."

Nililala vizuri wiki hiyo, jambo lisilo la kawaida kwangu. Nilimsimulia hata mzee mwenye buchari aliyeniruhusu kuegemeza mbao zangu ukutani kwake. Naye akapata nguvu. Kiongozi alipokuja kuchukua mbavu, mzee alikunja mikono. "Jeshi limesema hakuna cha bure," akamwambia, huku akinitazama mimi.

Kesho yake vijana walinimwagia rangi zote mtaroni, na buchari ya mzee wakaitia kufuli yao. Sikulia. Nilizunguka nikiwaambia watu wasubiri Jumamosi, kaka anakuja. Nilisema kwa sauti kubwa, mimi ambaye huwa napima kila neno kabla ya kulitoa.

Alikuja kweli, na wenzake wawili, wote katika sare. Kelele za soko zilipungua. Mzee alisimama mbele ya mlango wake uliofungwa, amevaa koti jeupe la kuuzia nyama, lililofuliwa, tayari kuanza kazi.

Kaka alitupita. Alikwenda moja kwa moja hadi mezani kwa kiongozi, nami nikasubiri kofi. Akavuta kiti.

Walikula muda mrefu. Kisha kaka akaniita kwa kidole chenye mafuta.

"Fundi, nasikia umekataa kazi yangu," kiongozi akasema, kwa sauti ya kusikiwa na meza zote. "Eti ndugu yako amekukataza. Si huyu hapa, muulize."

"Braza, wewe ulisema..."

"Nilisema siku ile," kaka akanikata. "Kambini tumesomewa amri, watu wa chama wasiguswe. Sisi sote ni serikali." Akainama karibu na sikio langu. "Ameniahidi ploti mtaa wa Tena. Mama atatoka kwenye kile chumba kimoja. Wewe mwandikie tu afande kibao chake."

Alilitamka neno hilo kama salamu.

"Mmesikia koplo ameniita nani?" kiongozi akawauliza vijana wake.

"Afande," wakajibu, wakicheka.

Wakaleta ubao na mkebe wa rangi nyekundu, nikaanza palepale. Nilikusudia kuzipinda herufi ili watu wamcheke. Lakini kila nilipoanza kupinda, nilionea aibu kazi mbaya kuliko nilivyokionea aibu kibao chenyewe, nikanyoosha. Kaka alisimama nyuma yangu.

"Umekuwa fundi kweli," akasema. Nilikuwa nimesubiri kusikia hivyo kutoka kwake tangu utotoni.

Ndipo mzee akasogea. "Na mimi je, afisa? Na kufuli waliyotia kwenye buchari yangu?"

"Wewe ni nani, mzee?"

"Mimi ndiye niliyewaambia jeshi limesema hakuna cha bure."

Kaka aliwageukia wenzake, wakatabasamu. "Jeshi? Nani alikutuma kulisemea jeshi?"

Mzee aligeuka. Alinitazama mimi, akasubiri. Zilikuwa zimebaki herufi mbili. Nilichovya brashi, nikaiandika D polepole, tumbo lake likatokea duara kamili. Nilipomaliza E na kugeuka, mzee alikuwa ameshaanza kufungua vifungo vya koti lake.