Boti Iliyopewa Pole Newtown

Leo watu wamekuja kutupa pole kwa sababu ya boti.

Tuliifuata shambani kule nje ya Great Barr, ilikolala msimu wote wa baridi. Tukaifunika turubai jeusi, tukarudi nayo kwenye trela polepole, taa za tahadhari zikiwaka njia nzima.

Kumbe Mama Furaha wa kanisani ametuona barabarani.
Kitu kirefu, cheusi, kinakwenda polepole. Akaona ni jeneza. Akawapigia wenzake.

Tunafika nyumbani Newtown, kina mama wanne, yeye akiwemo, wako mlangoni kwetu na sufuria ya wali.

"Pole sana, Baba Neema. Nani ametuacha?" wakamwuliza mume wangu.

Mimi nacheka. Mume wangu akavuta turubai, wakaona boti. Mama Furaha akaziba mdomo kwa aibu.

Lakini mume wangu hakucheka.
"Ilikuwa ya kaka yangu," akasema.

Kaka yake alifariki kabla ya Krismasi, akapelekwa kuzikwa Kisumu. Hatukuweza kwenda. Kesho yake mume wangu aliamkia kazini, hakumwambia mtu.

Wale mama hawajaondoka. Wako sebuleni wanaimba, na boti bado imeziba nusu ya barabara. Jirani aliyekuja kulalamika naye amepewa sahani.

Mlio karibu, njooni tukae na Baba Neema.