Bibi Nibebe hawezi tena kubeba

Wazazi wanapita mlangoni mmoja mmoja, wanaacha watoto na kukimbilia kazini. Ndani, chumba kina mikeka ya plastiki na ndoo ya midoli. Bibi Nibebe amekaa karibu na dirisha, wima kama askari wa gwaride, mkanda mpana umembana kuanzia kifuani hadi kiunoni. Mtoto wa kiume anajikokota hadi miguuni pake na kuinua mikono.

"Panda mwenyewe, mume wangu," anamwambia. "Leo mkeo kafungwa kama kifurushi cha posta."

Mtoto anasubiri, kisha anaangua kilio. Binti wa Bibi anatoka mbio jikoni, mikono ina povu, anamnyanyua. Bibi anageuza uso dirishani.

Jina hilo alipewa na watoto wenyewe, kwa kuwa kila wakimwona walidai, "Bibi, nibebe!" Kwa zaidi ya miaka thelathini amelea watoto wa watu katika chumba hiki cha mbele cha nyumba yake, mmoja mgongoni, mwingine kiunoni.

"Kuna mkubwa mmoja wa ofisi hapa mtaani," anasema. "Nikimwona na tai yake nacheka tu. Huyo kanikojolea mgongo mpaka nikazoea."

Maumivu yalianzia kiunoni, yakashuka mguuni, mguu ukawa unakufa ganzi. Alijikaza mpaka siku aliyoshindwa kusimama kutoka kitandani. Hospitalini wakamfanyia upasuaji, wakaunganisha pingili mbili za chini za uti wa mgongo kwa vyuma na skrubu. Maumivu ya mguu yakaisha.

"Niliona kama nimerudishiwa usichana wangu," anakumbuka.

Miezi kadhaa baadaye akarudi kwa watoto wake. Aliyemlaki mlangoni ni Pilipili, msichana wa miaka minne, binti wa muuza matunda, aliyebatizwa jina hilo kwa ukali wake. Alikuwa akilala mgongoni mwa Bibi tangu akiwa kichanga. Alikuja mbio, mikono juu, na Bibi, kwa furaha, akainama akamnyanyua.

"Nilisikia kitu kimekatika ndani yangu, kama kijiti kikavu. Nikajitelezesha ukutani taratibu, mtoto nimemkumbatia asije akaanguka."

Daktari alimwonyesha picha. Pingili iliyo juu ya vile vyuma ilikuwa imepondeka.

"Pale tulipounganisha hapapindi tena, mama," alimweleza. "Ukiinama, mzigo wote unahamia pingili ya juu yake. Na mifupa yako imekonda. Kwa wanawake wa umri wako, hatari hii ipo baada ya upasuaji kama huu."

"Sasa mwanangu, mbona hukuniambia mapema?"

Daktari alivua miwani. "Tulipaswa kuipima mifupa yako kwanza. Hatukuipima. Nisamehe, mama."

Siku hizi anachomwa sindano za kuimarisha mifupa. Mgongo umeanza kupinda, na hata birika lililojaa maji haruhusiwi kulinyanyua. Binti yake ameacha kazi ya saluni ili chumba kisifungwe. Ndiye anayemwogesha pia.

"Nimeosha watoto wa mtaa mzima," Bibi anasema. "Sasa naoshwa mimi, tena naambiwa nifumbe macho sabuni isiingie." Anacheka, kisha kicheko kinakatikia njiani.

Kinachomuuma zaidi ni Pilipili. Siku ile mama yake, aliyekuwa amemleta, kwa kiwewe alimfokea: "Ona sasa, umemvunja Bibi!" Mwanamke huyo ameshaomba radhi mara nyingi, lakini mtoto ameshika neno. Akifikishwa mlangoni hulia mpaka arudishwe, na sasa anashinda na mama yake kwenye meza ya matunda. Shule zikifunguliwa ataanza chekechea.

Ndiyo maana kila jioni Bibi anashika fimbo, binti yake akimshikilia kiwiko, na kujizoeza kutembea hadi kona ya barabara. Nyumba ya Pilipili iko mbele kidogo ya kona hiyo. Hajafika bado.

"Nitafika kabla shule hazijafunguliwa," anasema. "Nitamwambia, 'Mke mwenzangu, mfupa ulikuwa mbovu siku nyingi, wewe ulinikuta nao.'"

"Na akikukimbia je, mama?" binti yake anauliza.

"Nitasemea hapo hapo mlangoni, kwa sauti, asikie huko huko alikojificha. Siwezi kumwacha mtoto aingie darasani akiamini amevunja mtu."